Prosesa mpya zimetoka: ninunue sasa au nisubiri zishuke bei?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nachora ramani za nyumba hapa Mwanjelwa, Mbeya. Natumia AutoCAD na ArchiCAD, na kwa kuwa wateja siku hizi wanadai picha za 3D, nimeanza na Lumion. Mashine yangu ni Core i5-7200U, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya TB 1. Inakwama mno. Nimesikia Intel wametoa Core Ultra Series 3 Januari 2026, na jamaa yangu ananishauri nivumilie mpaka zifike Kariakoo na bei ipoe. Nisubiri au ninunue?

JIBU: Ndugu yangu, usisubiri. Ila usitoe hela pia kabla hujajua mashine inakwamia wapi, maana kwa hayo uliyoeleza, prosesa siyo mtuhumiwa wa kwanza.

Fungua ule mradi wa ArchiCAD unaokutesa kuliko yote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, kisha fanya kazi kama kawaida kwa dakika kumi huku ukitupia jicho CPU, Memory na Disk. Memory ikivuka asilimia 90 na Disk ikang'ang'ania 100, ilhali CPU inacheza kwenye 20 au 30, basi RAM imejaa na Windows inamwagia ziada kwenye diski. Diski ya kuzunguka ikisoma faili moja kubwa hufikia kama MB 100 kwa sekunde, lakini ikilazimika kurukaruka kutafuta vipande vidogo huporomoka hadi MB 1 au 2. Hapo ndipo kipanya kinapoganda. Hata ungepachika prosesa ya mwaka huu, nayo ingekaa kuisubiri diski.

Kuna mtego hapa unaowapata wengi. AutoCAD, kwa sehemu kubwa ya kazi zake, hutumia kiini kimoja tu cha prosesa. Prosesa yako ina viini 2 na nyuzi 4 (njia za kazi, mbili kwa kila kiini), kwa hiyo ukiona CPU asilimia 25 usidhani imelala: huenda uzi mmoja umejaa hadi pomoni na mitatu haina kazi. Bofya kulia juu ya grafu, chagua ionyeshe kila uzi peke yake. Mmoja ukiwa umegota juu wakati Memory na Disk zimetulia, hapo kweli prosesa ndiyo inayokuchelewesha.

Tazama pia namba ya Speed chini ya grafu hiyo. Prosesa yako inapaswa kwenda kati ya GHz 2.5 na 3.1 ikiwa kazini. Ikishuka chini ya GHz 1.5 wakati kazi imepamba moto, sababu huwa mbili. Ya kwanza ni joto: vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, hujikusanya kama blanketi kati ya feni na mapezi ya kipoza joto, na ile pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa hukauka baada ya miaka. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu moja ya tano, hivyo feni huondoa joto pungufu kuliko inavyoondoa pwani; baridi yetu hufidia, mradi njia ya hewa iwe wazi. Safisha, badilisha pasta, pima tena. Ya pili ni chaja. Baadhi ya mashine zisipoitambua chaja ya bandia hujibana zenyewe na kwenda mwendo wa kobe, hata feni ikiwa safi.

Sasa tuje kwenye hizo prosesa mpya. Kuna wakati kusubiri kulilipa kweli: aliyenunua i5-7200U yako, ya mwaka 2016, alipata viini 2, aliyevumilia hadi mwishoni mwa 2017 alipata i5-8250U yenye viini 4 na nyuzi 8 katika mashine ya aina ileile. Mrukio kama huo hautokei kila mwaka. Vizazi vya karibuni vimeweka nguvu nyingi kwenye betri kudumu, grafiki za ndani na kitengo cha kazi za akili unde. Kitengo hicho hakitakuchorea ukuta hata mmoja.

Na majina yanadanganya. Core 5 120U inasikika mpya, ilitoka 2024, lakini ndani ni usanifu wa Raptor Lake wa kabla yake. Ryzen 7 7730U ya AMD, mshindani wa Intel, ina 7 mbele, lakini msingi wake ni Zen 3 iliyoanza 2020; kwenye namba za AMD za kundi hilo, tarakimu ya tatu ndiyo inayokuambia umri wa usanifu. Core Ultra za kundi la 200V nazo zina RAM ndani ya kifurushi cha prosesa chenyewe, GB 16 au 32, na huongezi kamwe.

Kuhusu bei kupoa: tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Mashine mpya ina RAM ndani yake, kwa hiyo sioni sababu ya kutegemea ishuke upesi. Ningemwambia asubiri yule tu ambaye mashine yake inamtosha, hana kazi ya mteja mezani, na anakusudia kununua mpya dukani. Wewe hauko hapo.

Usifikirie pia kubadilisha prosesa peke yake. Zenye herufi U mwishoni mwa jina, kama yako, zimelehemewa kwenye bodi mama.

Kwako ningeanza hivi. Weka SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5 mahali pa diski ya sasa, na RAM mbili za GB 8 za DDR4 badala ya moja ya 16, kama mashine ina nafasi mbili. Grafiki za ndani huazima RAM, na zikiwa mbili njia huwa pana maradufu. Kabla ya kuhamisha Windows, nakili michoro kwenye diski ya nje na uhakikishe betri imejaa, umeme usije ukakatika katikati. Hela hiyo haipotei: SSD itageuka diski ya nje ukiiwekea kasha la USB, na RAM zitaingia kwenye mashine nyingi za kizazi cha 8 hadi 11 zenye nafasi za RAM.

Hata hivyo hilo ni daraja tu. Prosesa za kizazi cha 7 cha Intel kama yako (ile 7 ya mwanzo wa 7200U), isipokuwa chache, hazimo kwenye orodha ya Windows 11, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi ni wa hadi 13 Oktoba 2026. Tena Lumion hutegemea kadi ya grafiki inayojitegemea, ambayo i5-7200U yenyewe haikuletei. Ofisi nyingi za nje zimetupa mashine za kizazi cha 6 na 7 kwa sababu hiyo ya Windows, nazo ndizo utakazoziona madukani kwa bei ya kutamanisha. Ziache.

Tafuta iliyotumika ya kizazi cha 8 kwenda juu, prosesa ya herufi H, RAM inayoongezeka, na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu yake ya GB 6 kama unaweza. Ukiwa dukani andika tpm.msc uone toleo 2.0 la TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe ujazo wa betri wa kiwandani na uliobaki. Endesha mradi wako mwenyewe kwa dakika ishirini huku ukitazama Speed. Kisha mwombe muuzaji asafishe Windows na kuianzisha upya ikiwa kwenye intaneti. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazini, mashine hiyo bado imefungwa na mwenyewe wa zamani. Mrudishie papo hapo. Na chaja uliyopewa isomwe wati: mashine za H zenye kadi ya grafiki huhitaji mara nyingi 130 au zaidi, na ukipewa ya 65 utarudi kwenye mwendo uleule wa kobe.