Muulize Mzee: Mtangazaji wa mpira akiitwa kwenye tamthilia

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina miaka 27, natangaza mpira kwenye redio moja hapa Tanga, na mechi nyingi za Coastal Union pale Mkwakwani natangaza mimi. Juzi watu wa tamthilia wamenisikia, wakaniita niigize baba wa familia ambaye naye anaishi kwa kazi ya michezo. Mkuu wangu wa kitengo anasema nikishaonekana kwenye runinga nagombana na mke wa kuigiza, hakuna atakayeniamini nikisema ile ilikuwa penalti. Mama yeye anasema pesa haina aibu. Je, yupo mtu aliyefanya yote mawili asiharibikiwe?
Mtangazaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Yupo. Anaitwa Bob Uecker, jina litamke Yuka. Ni Mmarekani wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, na mchezo wake ulikuwa besiboli. Usinikimbie bado, sheria za besiboli hata mimi nazijua nusunusu, na kwa habari hii nusu inatosha.

Alizaliwa 1934. Alicheza ligi kuu ya kwao misimu sita, 1962 hadi 1967, akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago cha chuma usoni. Hakuwa mchezaji wa kutisha. Katika mapigo kumi, mawili ndiyo yaliyomfaa, na wastani huo mbovu wa .200 ndio uliokuja kumlisha maisha yake yote, kwa sababu alijifunza kujicheka. Akisimulia alivyosajiliwa na timu ya Milwaukee Braves mwaka 1956 kwa dola 3,000, alikuwa akisema jambo hilo lilimpa baba yake tabu sana, maana mzee hakuwa na fedha zote hizo, ila mwishowe alizichangachanga. Inachukua sekunde moja mpaka uelewe kwamba kumbe baba ndiye anayelipa ili mwanawe achukuliwe. Yeye wakati huo ameshaendelea na sentensi nyingine, uso mkavu.

Baada ya kucheza, Bud Selig, mwenye timu ya Milwaukee Brewers, alimpa kazi ya kusaka vipaji. Selig mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba ripoti aliyoletewa ilikuwa imepakaa mchuzi na viazi vya kuponda. Wakaona bora wamweke redioni atangaze mechi zao. Hiyo ni 1971, na kiti hicho hakukiacha tena: misimu 54, mpaka ule wa 2024. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 90.

Sasa sikiliza alichokuwa akifanya pembeni. Alipanda mara kama mia moja kwenye kipindi cha usiku cha Johnny Carson. Akacheza matangazo ya bia ya Miller Lite. Na kuanzia 1985 hadi 1990 akawa baba wa familia katika tamthilia ya vichekesho ya runinga ya ABC iitwayo Mr. Belvedere, vipindi zaidi ya mia. Humo aliitwa George Owens, baba wa watoto watatu, kazi yake kuandika habari za michezo. Umeona walichokuitia wewe kinavyofanana?

Mkuu wako ana hoja, simdharau. Sauti ya mtangazaji ni mali ya wasikilizaji, na huwa hawapendi kuiona imevaa nguo wasizozijua. Lakini Uecker mwaka 2003, tamthilia yake ikiwa imeshakwisha miaka mingi, alipewa tuzo ya Ford C. Frick, ambayo Jumba la Mashuhuri wa besiboli huwapa watangazaji. Wenye mchezo wao hawakuona amejishusha. Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu mzaha wake ulijua mahali pa kukaa. Besiboli ina mapengo mengi. Mrushaji anajikung'uta, anafikiri, anatazama huku na kule, na mtangazaji ana nafasi ya kusimulia hata habari za samaki aliyemvua jana. Mpira ukipigwa, hadithi inakatwa hapohapo katikati ya neno, unafuatwa mpira. Wewe mapengo hayo huna. Yako ni pale mchezaji amelala anasubiri machela, au mpira umeingia kwa mashabiki na haurudishwi. Ukitania wakati winga anaingia kwenye boksi, hapo mkuu wako atakuwa amesema kweli, na tamthilia itakuwa haihusiki hata kidogo.

Jambo la pili ni uigizaji wenyewe, na hapa ndipo watu wa redio tunapoumbuka. Sisi tumezoea kusema kila kitu. Msikilizaji haoni, kwa hiyo tunamwambia nani ana mpira, yuko upande gani, amevaa bukta ya rangi gani. Mbele ya kamera tabia hiyo ni ugonjwa. Ukiambiwa mkeo wa kuigiza ameondoka na mabegi, usitupe sura tatu mfululizo ili kututangazia kwamba umehuzunika. Tumeona. Litafute lile tangazo la Miller Lite ulitazame kwa makini. Uecker amekaa sehemu nzuri uwanjani, anakuja mhudumu kumwambia hiyo si sehemu yake. Anainuka kwa furaha, anajisemea kwamba bila shaka wanampeleka mstari wa mbele kabisa. Picha inayofuata yuko peke yake juu kabisa, viti vyote vinavyomzunguka vitupu, na bado anashangilia kana kwamba anaona kila kitu. Hakonyezi jicho. Hatwambii kwamba ni mzaha. Huo ndio uigizaji mzima, na watu wa Milwaukee waliupenda hivi kwamba viti vibaya vya uwanja wao, vya dola moja, viliitwa viti vya Uecker. Mwaka 2014 wakamwekea na sanamu amekaa, safu ya mwisho kabisa kule juu.

Tatu, ratiba. Ligi ya besiboli ya kwao huchezwa kuanzia masika mpaka Oktoba, na ratiba yake hujulikana mapema. Yetu unaijua: inatoka leo, wiki ijayo imepanguliwa. Kwa hiyo kwenye mkataba wa tamthilia waandike kwamba siku ya mechi wewe hutarekodi, na mechi ikihamishwa na siku hiyo inahama nayo. Wakikataa, achana nao. Ruhusa ya redio nayo iwe kwa barua, siyo ya mdomo pale kantini. Na usikubali kurekodi tukio la kugombana kwa kelele usiku wa kuamkia mechi. Sauti ikikauka dakika ya 30 hakuna dairekta atakayekuja Mkwakwani kukusaidia.

Mama nisalimie. Mwambie pesa haina aibu, ila huwa ina uvivu wa kufika, kwa hiyo dai kulipwa kila siku ya kurekodi inapokwisha.

SWALI: Mzee, watangazaji wetu wakubwa wa zamani kama Leonard Mambo Mbotela mbona hawakwenda kwenye maigizo? Walikatazwa?
Msomaji, Voi

JIBU: Sijui habari ya kukatazwa. Ninachojua ni kwamba Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, naye hakuishia kwenye mpira. Alikuwa na kipindi chake cha adabu, Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza 1966 na kudumu zaidi ya nusu karne. Mtu yuleyule aliyekupandisha presha kwa mechi ya Harambee Stars ndiye aliyekuuliza kama ni uungwana kufanya hili na lile. Watu waliipokea sauti hiyo kote kuwili. Agosti 1, 1982, wanajeshi waliotaka kuipindua serikali ya Kenya walimfuata yeye nyumbani ili atangaze redioni kwamba serikali imeanguka. Walijua taifa litamwamini nani. Mkuu wa kitengo wa yule kijana wa Tanga naye asome hapa.

SWALI: Nimepata nafasi ndogo ya kuigiza mtangazaji kwenye filamu. Nikariri maneno ya kwenye skripti au nijitangazie tu nilivyozoea?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Inategemea uko na nani. Kama kuna mwenzako kwenye tukio, kariri neno kwa neno, hasa mwisho wa sentensi zako, kwa sababu hapo ndipo yeye anapojua zamu yake imefika. Ukiubadilisha, anabaki amekutumbulia macho, na kazi inarudiwa. Kama uko peke yako na maiki kwenye kibanda, mwombe dairekta akupe mara moja ya skripti na mara moja ya kwako. Uecker alipoigiza mtangazaji katika filamu ya Major League ya mwaka 1989, mengi ya aliyosema yalimtoka mwenyewe papo hapo, na ndiyo watu wanayoyarudia hadi leo. Lakini anza na ya skripti, ili wawe na kitu mkononi hata kama ya kwako itakwama.