i5 ya kizazi cha 6 na Windows 11

Mdogo wangu, umeuliza kama laptop ya mtumba uliyooneshwa Arusha, yenye prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya i5-6300U, itafaa kwa Windows 11. Hapana, prosesa hiyo haimo kwenye orodha ya Microsoft ya zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa prosesa za Intel, kampuni inayotengeneza i5, wanaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Soma tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 6300U ni cha 6, 8250U ni cha 8. Natengeneza laptop hapa Moshi mjini, na wanachuo wengi wanaoniletea waliangalia "i5" kwenye stika tu. Windows 10 itawaka vizuri, ila muda wake wa kawaida wa masasisho uliisha 14 Oktoba 2025. Tafuta ya kizazi cha 8, SSD (diski ya kuhifadhi yenye kasi) na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, hata kama ina mikwaruzo. Na kabla hujalipa, chomoa chaja uone betri inavyoshuka kwa dakika 20.