Malengo ya mwaka mpya ukishavuka arobaini: maswali na majibu

Maswali mengi ya Desemba hii yametoka kwa watu wa miaka arobaini na hamsini wa Dodoma mjini na wilaya za jirani. Nimejibu matano.

Kila mwaka naandika malengo kumi kwenye daftari. Ikifika Machi hata daftari lenyewe silioni. Nina miaka 47. Nakosea wapi? (Mtumishi, Mtumba)

Kaka, kumi ni mengi mno. Mtu wa umri wako ana kazi, ana watoto shuleni, ana wazazi wa kuwahudumia kijijini, na pengine ana kiwanja Nzuguni ambacho msingi haujaisha. Chagua moja tu, kisha ulifungamanishe na jambo unalofanya kila siku bila kukumbushwa. "Mwaka huu nitafanya mazoezi" ni maneno. "Jumatatu hadi Ijumaa nikitoka kazini nitashuka mapema na kutembea nusu saa hadi nyumbani" ni lengo, maana jioni ukifika unajua umelitimiza au hukulitimiza. Hizo nusu saa tano zinakupa dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima, mradi mwendo uwe wa haraka.

Nina genge Majengo. Nataka kuweka akiba kuanzia Januari, lakini Januari ndiyo huwa inanimaliza: sare, madaftari, na shamba la Bahi linadai vibarua. Nifanyeje?

Dada, usianze Januari. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu naona watu wengi wanajilaumu bure. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Desemba na kukatika karibu Aprili. Kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ambayo pesa ya mtu wa Dodoma inaingia ardhini, kwa kupanda na kupalilia, na papo hapo shule zinafunguliwa. Ukijiwekea akiba wakati huo utavunja ahadi yako wiki ya pili, halafu utajiona huna nidhamu. Akiba ianze Juni, mtama na alizeti vikishaanza kutoka shambani.

Januari jiwekee lengo lisilotaka pesa. Kila jioni kabla hujafunga genge, andika vitu viwili: umeuza shilingi ngapi, na umetoa shilingi ngapi. Andika na zile ndogo ndogo ambazo hatuzihesabu: mia tano ya nauli ya mtoto, mkaa wa nyumbani ulionunuliwa kwa pesa ya mauzo, fungu la nyanya na vitunguu ulivyobeba kwenda kupika. Vikitoka gengeni vimetoka, hata kama vimeliwa na wanao. Ukifika Mei na daftari hilo utajua kiasi unachoweza kutenga kwa wiki, nacho kitakuwa kiasi cha kweli.

Kama uko kwenye kikoba kinachovunjwa Desemba, siku ya mgao nunua sare na madaftari kwanza, ndipo uguse nguo za sikukuu.

Niliishia darasa la saba. Sasa nina miaka 46 na natamani cheti cha kidato cha nne. Nikisema, nyumbani wanacheka. Je, nimechelewa? (Mama wa Kongwa)

Hujachelewa, mama, na njia ipo. Kwa aliyeishia darasa la saba, hatua ya kwanza ni mtihani wa maarifa, yaani QT (Qualifying Test), wa Baraza la Mitihani. Ukiufaulu ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Basi lengo lako liwe QT, cheti kitafuata. Na lengo la Januari ni dogo zaidi: nenda kwa afisa anayeshughulikia elimu ya watu wazima katika halmashauri yenu, uliza kituo cha karibu cha masomo na tarehe za usajili, maana usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani.

Umri hautakusumbua sana. Kiingereza ndicho kitakachokusumbua, kwa kuwa masomo karibu yote ya sekondari hutahiniwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo anza nacho. Kama una mwana sekondari, mwombe akufundishe nusu saa baada ya chakula cha jioni. Mtoto akishakuwa mwalimu wako hacheki tena, anasubiri ufaulu.

Nina miaka 53, mtumishi wa umma. Lengo gani la kustaafu nianze nalo?

Omba taarifa ya michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mwezi huu, uilinganishe na hati zako za mshahara. Angalia jina, tarehe ya kuzaliwa, na miezi ambayo mchango haukuingia. Kwa watumishi wengi kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, na hitilafu hizi ni rahisi kufuatilia ukiwa bado ofisini.

Naendesha bajaji, nimefika hamsini. Lengo langu ni kupima presha, ila naogopa majibu.

Hofu yako naielewa, ndugu yangu. Lakini presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, na majibu unayoyaogopa yapo mwilini upime usipime. Nenda zahanati asubuhi kabla hujaingia barabarani. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara kwanza, na kaa umetulia dakika tano kabla ya kufungwa kipimo. Ikisoma 140/90 au zaidi, utaambiwa urudi kupima tena, kwani kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa.

Nyumbani, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ukijumlisha ya mboga na ya kachumbari. Magadi ya kwenye mlenda nayo yana sodiamu, kwa hiyo yapunguzeni. Na mwende wote na mama watoto siku hiyo, apimwe na yeye.