Kamati "imeundwa na" watu saba?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Bagamoyo. Kwenye muhtasari niliandika, "Kamati imeundwa na watu saba." Mwenyekiti akakataa, akataka niandike "inajumuisha watu saba". Nani kapatia?

Jibu: Ndugu katibu, nenda pwani pale vyombo vinapoundwa, maana neno kuunda kwao ni huko. Ukisema jahazi limeundwa na mafundi watatu, kila mtu anaelewa hao ndio walioshika tezo na msumeno. "Na" ikifuata kitenzi cha kutendwa humtaja mtendaji. Mbao zina "kwa": limeundwa kwa mbao za mvule. Ama viungo vya jahazi, fundi hakuambii limeundwa na nini. Atakwambia lina mkuku, lina mataruma, lina mlingoti na foromali.

Sasa isome tena sentensi yako. Hao saba ndio wajumbe, au ndio waliokaa wakaiteua kamati? Wewe unajua kwa kuwa ulikuwepo. Atakayefungua daftari hilo miaka mitano ijayo hatajua, na muhtasari huandikwa kwa ajili yake. Najua "inaundwa na" limeenea maofisini, na aghalabu maana hupatikana. Kwenye hati ya kikundi mimi nisingeliandika.

Mwenyekiti naye ana neno zuri, ila kalipeleka pasipo pake. Kujumuisha ni kutia ndani pamoja na vingine. "Kamati inajumuisha wanawake watatu" imekaa sawa, kwa sababu wengine wanne wapo. Ukishawataja wote saba, la kujumuisha halipo tena.

Waingereza nao wana mvutano kama huu juu ya "comprised of" yao: wenye msimamo mkali husema kizima ndicho hubeba sehemu zake, hivyo hiyo "of" haina kazi. Sisi hatuna haja ya kuurithi ugomvi huo, kwani "-na" yetu, ile ya "ina" na "lina", inatosha, tena ni fupi. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 62, inalieleza Bunge kwa maneno hayohayo ya kawaida: "litakuwa na sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge".

Basi andika: "Kamati ina wajumbe saba, yaani mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wavuvi wanne."