Maswali ya Wasomaji: Turbo au Bila Turbo?

Salaam wahariri. Nataka kuagiza gari la spoti kutoka Japani na nimebakiwa na mawili: Toyota 86 isiyo na turbo na Subaru WRX S4 yenye turbo. Rafiki zangu wanasema injini ni moja, ila ya Subaru imeongezewa turbo. Ni kweli? Nitaliendesha kazini wiki nzima, na Jumamosi naenda Naivasha. Nichukue lipi?
*Msomaji, Nairobi*

Rafiki zako wameshika nusu ya ukweli. Kwa magari ya hadi mwaka 2020, injini zote mbili ni za ukoo wa FA20 wa Subaru: silinda nne zilizolala, lita 2, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86. Ndani yake ndiko zinakoachana. Ya Toyota 86 inabana hewa mara 12.5, ya S4 mara 10.6. Isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, basi hubana sana kile kidogo ilichopata. Ya turbo huletewa hewa ambayo imeshashindiliwa na feni inayozungushwa na moshi wa eksosi. Ukiibana tena mara 12.5, mchanganyiko utalipuka wenyewe kabla plagi haijatoa cheche, na huko ndiko pistoni zinakovunjikia.

Kwa vipimo vya Japani, 86 inatoa kama farasi 200 injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, na nguvu yake ya kuvuta ni kama Nm (nyutoni-mita) 205, nayo huipati yote mpaka upite mizunguko 6,400. S4 inatoa farasi 300, na Nm 400 zinaanza kwenye mizunguko 2,000 tu. Uzito nao umetofautiana: 86 ni kama kilo 1,200, S4 imepita 1,500.

Sasa tuje kwenye mji wako, kwa sababu wengi wanaoagiza magari haya hawaupigii hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapo ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo hupungukiwa kwa kiasi hicho hicho. Farasi 200 za 86 zinabaki kama 160, na hakuna fundi wa kuzirudisha, maana hewa yenyewe haipo. Turbo hujiongezea kasi na kuifidia hewa iliyokosekana, hivyo S4 itapoteza kidogo sana, ingawa itachelewa kidogo kuamka na itafanya kazi kwenye joto kubwa zaidi. Ukitoka Naivasha kupanda mlima wa Mai Mahiu, ambapo barabara inakaribia mita 2,200, utaiona tofauti hii kila unapotaka kulipita lori.

Gharama je? S4 inataka oili safi ya sintetiki 5W-30, lita 5 na ushee pamoja na filta, kila kilomita 5,000 au miezi sita. Usisubiri 10,000 hata kama chupa inakuruhusu. Shafti ya turbo inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili iliyochoka huungulia pale pale kwenye beringi. Jambo la pili ni petroli: S4 huipuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo migongo ya vali za kuingizia hewa haioshwi na chochote. Masizi hujikusanya, na gari likikaribia kilomita 100,000 huanza kutetemeka likiwa limesimama. Dawa yake ni kufungua manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda) na kuzisafisha vali kwa mkono au kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Toyota 86 ina nozeli za aina zote mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwa hiyo shida hii haina nafasi kubwa kwake. La tatu, S4 iliuzwa Japani ikiwa na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za ngazi) peke yake. Oili yake ibadilishwe kila kilomita 40,000, na iwe ile ile iliyotajwa na kiwanda kwa CVT hiyo. Kama roho yako iko kwenye gia za mkono, za 86 ni sita na ni tamu kuzibadilisha.

Usidhani kwamba kukosa turbo ni ruhusa ya kuweka petroli yoyote. Injini inayobana mara 12.5 ni nyepesi kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati. Magari yote mawili yalitengenezewa petroli ya juu ya Japani, ambayo kwa viwango vya huko haishuki RON 96 (RON ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga), wakati ya kawaida inaanzia 89. Soma namba ya RON kwenye pampu, chukua ya juu kabisa unayoipata, na ukisikia mlio kama kokoto ndani ya chupa unapopanda mlima, punguza mguu mara moja.

Ushauri wetu: kwa Nairobi, kwa kazi ya kila siku na abiria wa nyuma, chukua S4. Ina milango minne, buti la maana, na injini isiyoogopa mwinuko. Lakini kama kuinunua kutakumalizia akiba yote, chukua 86, kwa sababu turbo isiyohudumiwa inakula injini nzima. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anayekaa peke yake ndani ya gari tungemwambia 86 bila kusita, maana kule chini anazipata farasi zake zote, na usukani ule hauna mfano kwa bei yake. Kabla ya kulipa, hakikisha tarehe ya usajili wa kwanza Japani: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8.

Nimepata Impreza WRX ya 2004, imetembea kilomita 160,000. Muuzaji anaapa kwamba injini haijawahi kuguswa. Nikague nini kabla sijatoa pesa?
*Msomaji, Arusha*

Anza na hilo la kutoguswa. Injini hii, EJ20 ya turbo, ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni zinagonga vali na kuzipinda. Kama kweli haijaguswa, mkanda huo umepitiliza kilomita 60,000, na unanunua bomu. Omba risiti ya mkanda, roli zake, kikazio na pampu ya maji, maana vyote hubadilishwa pamoja. Hana risiti? Punguza bei kwa gharama hiyo, kisha gari livutwe hadi gereji badala ya kuendeshwa.

Mpigie usiku uliotangulia umwombe asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Impreza za turbo huuzwa mara nyingi oili ikiwa chini ya alama, na njaa ya oili ndiyo huziua beringi za mikono ya pistoni. Liwashe. Mlio mwepesi wa kugongagonga unaoisha baada ya dakika chache ni pistoni baridi, hauna neno. Mlio mzito unaobaki injini ikipata moto, na kupanda pamoja na mizunguko, ni beringi. Ondoka. Moshi wa buluu nao utazame: ukitoka baada ya gari kusimama kidogo kisha ukakanyaga, shuku sili za turbo au za vali, ukitoka muda wote unapovuta, shuku ringi za pistoni.

Kisha fungua intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyo juu ya injini. Utando mwembamba wa oili ndani yake ni kawaida, lakini ikimwagika ukiiinamisha, turbo inavuja. Kulifikia gurudumu la turbo ni kazi, kwa kuwa bomba la hewa limejificha chini ya manifoldi, ila mlipe fundi alifungue. Shafti ikicheza kidogo upande kwa upande haina tatizo. Isogee hata kidogo mbele na nyuma, au mapanga yawe yamekwaruza nyumba yake, hesabu turbo nyingine.

Mwisho pima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote nne zimetolewa, petroli na umeme wa koili vimekatwa, na pedeli imekanyagwa hadi chini. Arusha iko karibu mita 1,400, kwa hiyo geji itasoma kama asilimia 15 chini ya kitabu cha kiwanda hata injini ikiwa nzima. Wanunuzi wengi hukataa gari zuri kwa kutojua hili. Linganisha silinda zenyewe kwa zenyewe: tofauti isizidi bari 1. Itazame sana silinda ya 4, ya nyuma upande wa kushoto, ambayo kwenye Subaru za turbo mara nyingi ndiyo hutangulia kuumia.

Gari hili limependwa Afrika Mashariki tangu Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 washinde Safari Rally kwa Impreza, na nyingi zimeendeshwa kwa mapenzi hayo hayo. Ukiona kikoki kidogo cha shaba kwenye mipira ya hewa karibu na turbo, mtu amepandisha presha ya turbo kwa mkono. Hilo peke yake linatosha kuliacha.

Nina Impreza 1.5 isiyo na turbo. Fundi anasema ataniwekea turbo ya mtumba ya Forester kwa siku mbili. Nikubali?
*Msomaji, Mwanza*

Usikubali. Injini yako inabana kama mara 10, na kompyuta yake haijui kitu kinachoitwa turbo. Hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda na pistoni inatoboka. Kazi kamili inataka nozeli kubwa, pampu ya petroli yenye nguvu, kompyuta iliyoandikwa upya, manifoldi ya eksosi, intakula, njia ya oili ya kwenda na ya kurudi, na mabomba ya maji. Hata ukivipata vyote, giaboksi na breki za 1.5 zinabaki pale pale. Mpango wa siku mbili hauna nafasi ya hayo.

Kama turbo ndiyo shauku yako, uza hiyo ununue iliyotoka kiwandani na turbo. La pili kwa ubora ni kununua nusu ya mbele ya gari la turbo lililokatwa Japani, yenye injini, giaboksi, nyaya na kompyuta yake, kisha kuhamisha vyote bila kuacha kimoja.

Kwenye WRX yangu nimefunga vali inayotoa hewa nje ili lipige mluzi. Sasa linazima nikisimama ghafla, na linatoa moshi mweusi nikibadilisha gia.
*Msomaji, Mombasa*

Hewa ile ilikuwa imeshapimwa na sensa iliyo karibu na filta, na kompyuta imeshaiandalia petroli. Wewe unaimwaga nje, petroli inabaki bila hewa yake: ndio huo moshi, na ndiko kuzima kwenyewe. Rudisha vali ya kiwandani, inayoirudisha hewa ndani kabla ya turbo, na ubadilishe plagi kama zimeshika masizi.

Ni lazima nisubiri dakika tano kila ninapozima gari la turbo?
*Msomaji, Dodoma*

Hapana. Turbo ya Subaru inapozwa na maji pia, na maji hayo huendelea kuzunguka kwa joto lake hata injini ikiwa imezimwa. Endesha taratibu kilomita ya mwisho, zima. Ukiwa umetoka mbio ndefu na kusimama papo hapo, kama pale sheli barabara kuu, iache ikiunguruma kwa dakika moja.