Kuhusu huyo mlevi uliyepewa

Marahaba, mwanangu.

Unaniuliza ukubali kuigiza mlevi wa kijiji katika tamthilia hiyo, au usubiri mpaka wakupe ustelingi. Ngoja kwanza nikukumbushe Thomas Mitchell, yule mwigizaji wa Marekani.

Ndiye yule daktari mlevi wa filamu ya Stagecoach, kanda ya marehemu babu yako ambayo wewe na dada yako mliitazama hadi ikakatika. Ninyi mlikuwa mnamtaja John Wayne tu. Mwaka ule wa 1939 Mitchell alionekana katika filamu tano, mojawapo Gone with the Wind, alimokuwa baba yake Scarlett, stelingi wa kike, na Oscar akaipata kwa huyo mlevi. Alikuwa mtu mzima tayari, aliyewahi kuandikia gazeti, kisha akatumikia jukwaa miaka mingi kabla Hollywood haijamjua.

Mtazame pale mama anaposhikwa na uchungu safarini. Daktari anadai kahawa, anywe, anywe tena, pombe imtoke. Hatafuti kuchekesha. Anaona aibu, nawe unaiona. Siku zote nakwambia: mwigizaji ni yule anayemsikiliza mwenzake.

Ndiyo maana sijasahau mahafali yako ya darasa la saba. Ulikuwa mlinzi wa mfalme, huna hata neno moja la kusema. Mfalme alipopokea habari za msiba, wewe uliinamisha macho, na ukumbi mzima ukanyamaza. Zikagawiwa zawadi: mfalme, malkia, hata mpiga ngoma. Jina lako halikusomwa. Shangazi yako hunisihi niyaache, yamepita. Hayajapita. Tulilizwa na mlinzi, si mfalme!

Lakini hapa najibishana mwenyewe. Mitchell naye alishika nafasi kubwa: jukwaani alikuwa Willy Loman katika Death of a Salesman, na mwaka 1953 akatuzwa Tony, tuzo ya waigizaji wa jukwaani, kwa mchezo wa nyimbo. Basi kutamani ukubwa si kosa. Halafu namkumbuka alipokuwa Mjomba Billy katika filamu ya It's a Wonderful Life, anayepoteza dola 8,000, na moyo unanirudi palepale. Pasingekuwa na Billy, stelingi angehangaikia nini? Anayemsikiliza mwenzake ndiye mwigizaji, mwanangu.

Sikuamulii. Ulimi unaniwasha, ila kazi ni yako na jina ni lako. Nitumie kwanza maneno ya huyo mlevi niyasome. Nataka kujua kama wamemwekea mtu wa kumsikiliza.

Mama yako