Maswali Yenu ya Uvuvi: Barbeli wa Jioni na Mbinu za Kujaribu Kabla Giza Halijaingia

Tangu mito ya Uingereza ifunguliwe kwa uvuvi tarehe 16 Juni barua za barbeli, wale samaki wa mtoni wenye sharubu, ndo zimekuwa nyingi kuliko zote, na nyingi zinatoka kwa watu wetu wanaofanya kazi mchana wanabaki na jioni tu. Leo nachukua tatu, ya kwanza nitakaa nayo zaidi maana inabeba maswali ya wengi.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi niko Nottingham, kazini ghalani natoka saa kumi na moja jioni, nikifika mto Trent nabaki na masaa matatu hivi. Nimekulia Kagera na kule nilivua sana kwa mshipi wa mkono kwahiyo samaki sio wageni kwangu, shida ni hawa barbeli. Nakaa na rodi mbili, nimetupa fida kubwa (vile vikapu vizito vya chakula) zimejaa peleti (punje za chakula cha samaki) katikati ya mto, nasubiri mpaka giza, naambulia brimu na vile vigonga vya chabu basi (samaki wengine wa huku, chabu anagongagonga tu ncha ya rodi), na wazee waliokaa pembeni yangu jua likizama tu rodi zao zinapinda. Mtandaoni nimeona mbinu kibao, kubingirisha nyama, kushika mshipi kwa kidole, kamba ndefu ya ndoano, nikazijaribu zote jioni moja nikachanganyikiwa kabisa. Nianze na ipi? Na hizo nyama za kopo nyingi ni nguruwe, mimi Muislamu siwezi hata kuzishika. (Msomaji, Nottingham)

JIBU: Marahaba mwanangu. Masaa matatu yanatosha sana, tena kwa barbeli ni bora masaa matatu ya jioni kuliko mchana kutwa. Ila nikwambie ukweli, hao wazee hawakuzidi mbinu, wanakuzidi kuijua sakafu ya mto. Barbeli ni ndugu wa mbali wa kuyu wa kwenu Kagera, ukoo mmoja, mdomo umekaa chini ya pua na ana sharubu nne ambazo anapapasia changarawe akitafuta vidudu na konokono. Mchana maji yakiwa maangavu anajibanza chini ya manyasi ya maji au chini ya mti ulioinamia mtoni, jua likishuka anatoka na kuzunguka kwenye changarawe, na ana njia zake, hazuruli ovyo. Ukitupa chambo mita tano nje ya njia yake utakaa mpaka saa sita usiku na mbinu zako zote.

Kwahiyo kitu cha kwanza ukifika usitupe fida. Funga chubwi tupu, tupa, lisikilize likiburuzwa chini. Changarawe utaisikia inagongagonga mpaka kwenye mpini wa rodi, tope halisemi kitu linavuta tu kama limekwama kwenye ugali, manyasi yanashika alafu yanaachia. Tafuta ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya polepole, unauona juu ya maji kabisa, kama chini yake kuna changarawe basi hapo ndo dukani kwake. Na mara nyingi mahali hapo hapako katikati ya mto, pako karibu na ukingo wako mwenyewe, watu wanaparuka wanatupa mbali bila sababu.

Ukishapata, weka chakula kwa kile kikopo kinachofunguka kikigusa chini, tia mbegu za hempu zilizochemshwa na peleti ndogo, rudia mara kadhaa, alafu ondoka. Narudia, ondoka, usitupe ndoano hapo kwa saa zima. Hii ndo ngumu kwa mtu aliyetoka kazini na hamu yake, lakini samaki wanahitaji mda wa kuingia na kula bila kusikia kitu kinaanguka juu ya vichwa vyao, fida ya aunsi nne ikidondoka kila dakika kumi kwenye maji ya kina kifupi unawafukuza mwenyewe.

Sasa hilo saa zima ndo mda wa kujaribu mbinu mpya, na ninayokushauri uanze nayo ni kubingirisha nyama. Chukua rodi moja, mshipi wa pauni 10, ndoano namba 6 (namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo), bandika uzito kidogo tu wa ule udongo mzito wa tungsten kwenye mshipi juu ya ndoano, au tumia ndoano yenye uzito mgongoni, tia kipande cha nyama. Nenda mahali pengine penye maji ya kina cha kiuno hivi, tupa kuvuka mto kidogo kwa juu, acha mkondo uibebe nyama ibingirike chini polepole, mshipi uushike kati ya vidole. Uzito ukiwa mwingi nyama inasimama, ukiwa mdogo inapaa haigusi chini, unaongeza na kupunguza mpaka uisikie inatembea na kugusa mawe. Ikisimama, vuta. Inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa manyasi, inaweza kuwa samaki wa kilo tano. We umezoea mshipi wa mkono kule nyumbani kwahiyo kidole chako tayari kinajua kitu ambacho watu wengi hapa inawabidi wajifunze upya.

Trent ni pana na maji yake yana nguvu, hii mbinu ilipendwa zaidi kwenye mito midogo, ndo maana nasema ifanye upande wa karibu usiingie majini. Lakini hata usiposhika kitu utakuwa umeusoma mto, kila jiwe kila shimo umeligusa, na jioni nyingine utajua pa kuweka chakula bila kubahatisha. Kwangu mimi hiyo ndo faida yake kubwa, samaki ni nyongeza.

Kuhusu nyama wala usipate tabu. Maduka ya halali yanauza nyama za kopo za kuku na za ng'ombe, chukua ile iliyo ngumu kidogo, katakata vipande vya sentimita mbili, pitisha kwenye kikaango mpaka iwe na ngozi kwa nje isije ikatoka kwenye ndoano, alafu nyunyizia bizari. Bizari sio uchawi wetu sisi tu, Waingereza wenyewe wanatia kwenye chambo cha barbeli miaka na miaka.

Jua likigusa miti rudi pale ulipoweka chakula, rodi moja tu, tupa mara moja na uache. Hapa ndo uamue, na uamue kitu kimoja kwa jioni moja. Kama maji ni maangavu na yameshuka, ongeza urefu wa kamba ya ndoano ufike mita moja na zaidi, tia peleti ya milimita 8 kwenye kijiuzi kinachoning'inia nje ya ndoano, na usibadili kingine chochote. Wiki ijayo ukitaka kujaribu kushika mshipi kwa kidole acha kamba vilevile kama ilivyokuwa. Ukibadili vitatu kwa pamoja na ukapata samaki hutajua nini kimekupa, ukikosa ndo kabisa.

Ukitupa mbali ncha ya rodi iangalie juu mshipi usibebwe na mkondo, ukivua karibu iteremshe chini. Kile kijiti kinachowaka weka kwenye ncha, taa ya kichwa usiimulike majini. Vigonga vya chabu viache, tak tak tak basi, barbeli hana haja ya kuulizwa, rodi inapinda yote na rili inalia. Na kwa sababu hiyohiyo usiiache rodi hata kwenda kumwaga maji, legeza breki ya rili, maana rodi nyingi zimeondoka na samaki pale Trent.

Mwisho kwa hili, kuanzia kizuizi cha maji cha Cromwell kushuka chini Trent inafuata maji kupwa na kujaa, ukingo uliokuwa mkavu saa kumi na mbili unaweza usiwe mkavu saa tatu, kwahiyo uliza kabla, na uulize pia kama chama chenye ule ukingo kinaruhusu kuvua usiku, leseni ya serikali peke yake haikupi ruhusa ya kukaa popote.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi sio mvuvi, mume wangu na kijana wetu ndo wanaenda mto Severn jioni hapa Worcester, wanarudi mikono mitupu alafu wananionyesha picha ya barbeli wa kilo nne eti wamemrudisha. Samaki mzima hivyo unamrudishaje? Na jirani kaniambia mayai yake ni sumu, ni kweli au ananitisha? (Mama wa Worcester)

JIBU: Salama dada yangu. Jirani yako kasema kweli na umsikilize. Mayai ya barbeli yanaumiza, mtu anatapika, anaharisha, tumbo linamkata vibaya, na kupika hakusaidii kwahiyo asije mtu akakudanganya. Nyama yake haina sumu ila ina miiba mingi na hailingani na sato hata kidogo.

Alafu kuna sheria. Kwenye mito ya England barbeli aliyezidi sentimita 20 lazima arudi majini, wanaoruhusiwa kuchukuliwa ni wadogo tu, jumla samaki wadogo 15 kwa siku, na mwenye ukingo anaweza kukataza hata hao. Kwahiyo mume wako amefanya sawa kabisa, na mimi nampongeza. Barbeli hawakuwepo Severn zamani, waliletwa mwaka 1956 kutoka mto Kennet, hao waliopo leo ni uzao wao, na samaki wa kilo nne amekaa humo miaka mingi mpaka kufika hapo.

Waulize tu kitu kimoja, wanamrudishaje. Huyu samaki anapigana mpaka nguvu zote zinaisha, ukimtupa tu anageuka tumbo juu anakufa mbele huko ambako hamumuoni. Akishaingia kwenye wavu wa kuopolea abaki ndani ya maji kwanza apumue, mkeka uloweshwe, mikono iloweshwe, picha moja ya haraka, alafu arudi kwenye wavu kichwa kikielekea mkondo unakotoka na mtu amshikilie hapo hata dakika kumi mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu. Kijana akilijua hili sasa hivi ni kazi nzuri ya kumfundisha.

SWALI: Mkuu, joto la Agosti limekuwa kali na mto umeshuka sana. Nivue jioni au alfajiri, kipi hakiwaumizi samaki? (Msomaji, Hereford)

JIBU: Kaka, nashukuru umeuliza kabla ya kwenda. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, alafu mimea ya majini mchana inatoa oksijeni na usiku inaitumia, kwahiyo kiwango kinakuwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Jioni oksijeni iko juu ila ndo maji yamepata moto zaidi. Hakuna saa salama kwenye joto hilo. Mimi nabeba kipimajoto, maji yakifika nyuzi 20 nawaacha barbeli nafanya kingine, na mto kama Wye ambao umeteseka sana miaka ya karibuni na mwani na joto ndo usiujaribu kabisa kwenye kiangazi kama hiki.

Subiri mvua za Septemba na Oktoba, maji yapande kidogo yapate rangi ya chai, hapo ndo jioni tamu za barbeli, na jua linazama karibu saa moja huhitaji kukesha. Msimu unaendelea mpaka tarehe 14 Machi.